Kuskani na Kuorodhesha Picha za Zamani: Mwongozo kwa Familia, Makanisa na Shule za Matamba

Mkusanyiko mkubwa wa picha huokolewa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuskani, yaani kuigeuza picha ya karatasi kuwa faili. Ya pili ni kuorodhesha: kuandika picha ni ya nani, ilipigwa wapi, lini, na imetoka mikononi mwa nani. Kuskani hufanywa na mashine, na kunaweza kurudiwa hata baada ya miaka mingi ilimradi karatasi bado ipo. Kuorodhesha kunategemea kumbukumbu za wazee, na mzee akishazikwa hakuna mashine ya kurudisha majina aliyokuwa akiyajua. Ndiyo maana mpango mzuri huipa orodha muda mwingi kuliko skana. Mipango mingi huenda kinyume: maelfu ya picha huskaniwa kwa mwezi mmoja, hubaki na majina kama IMG_0457, na baada ya miaka kumi wajukuu hutazama nyuso wasizozijua kwenye kioo badala ya kwenye karatasi.

Matamba, kata ya Wilaya ya Makete iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Kitulo, inafaa kuchukuliwa kama mfano, kwa sababu picha zake zimetawanyika kama zilivyotawanyika za sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Nyingine zimo kwenye albamu za familia na fremu za sebuleni. Nyingine zimo katika makabati ya sharika na shule. Nyingine walihama nazo wafanyabiashara waliokwenda kufungua maduka Makambako, Njombe, Mbeya na Dar es Salaam. Za kale zaidi huenda haziko Tanzania kabisa. Wamisionari wa Berlin waliofanya kazi Ukinga na Wamoravian walioanzisha Rungwe mwaka 1891 walipeleka picha zao Ujerumani. Sehemu ya picha za Wamoravian, zilizohifadhiwa Herrnhut, leo hutazamwa bila malipo katika hazina ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Familia inayoanza kazi hii yafaa ipitie hazina hiyo mapema, kwa sababu kijiji jirani au kanisa la zamani linaweza kuwamo chini ya tahajia ya Kijerumani ambayo hakuna anayeitumia sasa.

Kabla ya kuwasha skana

Hatua ya kwanza ni kuhesabu bila kupanga upya. Kila albamu, bahasha au boksi hupewa herufi na namba, kwa mfano A01, A02, B01, na picha zilizomo huhesabiwa kwa mfuatano zilivyokutwa. Mfuatano huo ni ushahidi. Picha isiyo na maandishi iliyokaa kati ya mbili za harusi moja kwa kawaida ni ya harusi hiyohiyo. Ikitolewa na kuwekwa kwenye rundo la “picha za watoto”, ushahidi umepotea. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ambacho mwaka 2002 kilipata mkusanyiko wa Humphrey Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, kiliziacha albamu zikiwa albamu: mtazamaji huona ukurasa mzima kisha picha mojamoja. Vivyo hivyo, ukurasa wa albamu ya familia upigwe picha ukiwa mzima kabla ya kutoa chochote.

Namba huandikwa nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini na kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hupita hadi upande wa uso au huchapa kwenye picha iliyo chini yake. Karatasi za picha za rangi za miaka ya karibuni zina tabaka la plastiki lisiloshika penseli. Hizo huwekwa kwenye bahasha ya karatasi na namba huandikwa juu ya bahasha kabla picha haijaingizwa.

Hali ya hewa ya Kitulo na maeneo yake haizipendi picha. Ukungu wa asubuhi na mvua za miezi mingi huleta unyevu, unyevu huleta kuvu, na picha zilizobanwa pamoja hushikana uso kwa uso. Nyumba zinazopashwa moto kwa kuni huongeza masizi. Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kufungua maboksi. Picha zenye kuvu hutengwa na nyingine, huachwa zikauke kivulini, na vumbi lake hupanguswa nje kwa brashi laini, mhusika akiwa amevaa barakoa. Maji, spiriti na mate visiguse picha kwa namna yoyote.

Kuna picha zisizopaswa kulazimishwa. Iliyogandamana na kioo cha fremu iachwe hapo na iskaniwe kupitia kioo, kwa kuwa ikibanduliwa uso wake hubaki kwenye kioo. Albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu, zilizopendwa sana zamani, huwa ngumu kadiri gundi inavyozeeka. Uzi mwembamba wa kusafishia meno ukipitishwa polepole nyuma ya picha mara nyingi huiachilia. Uzi ukigoma, ukurasa wote huskaniwa ulivyo.

Kuskani

Skana ya kulaza inatosha kwa picha za karatasi. Sehemu ya juu ya mashine za steshenari inayovuta karatasi yenyewe isitumike hata kwa picha moja: hukunja, hukwaruza, na picha iliyokatika ukingo haitoki salama. Kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, kipimo cha nukta 600 kwa inchi kinafaa. Picha ndogo za pasipoti ziskaniwe kwa 1,200, kwa sababu kwa familia nyingi hizo ndizo sura pekee zilizobaki za babu na bibi, na siku moja mtu atataka kuikuza moja iwekwe ukutani. Negativu za milimita 35 zinahitaji skana yenye taa kwenye mfuniko, na kipimo cha kati ya 2,400 na 4,000. Zikipatikana negativu, ziskaniwe hizo kwanza, maana huwa na maelezo mengi kuliko picha zilizosafishwa kutoka kwazo.

Skana iwekwe kwenye rangi hata kwa picha nyeusi na nyeupe. Umanjano, madoa ya chai na wino wa muhuri wa studio ni habari, na hupotea skana ikiambiwa itafute kijivu pekee. Vitufe vya kusahihisha rangi na kuondoa mikwaruzo kiotomatiki vizimwe. Marekebisho hufanywa baadaye juu ya nakala. Faili mama huhifadhiwa kama TIFF, na kutoka humo hutengenezwa JPEG ya kutazama na kutuma.

Hesabu ya nafasi ni rahisi kufanya mapema. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 600 hutoa takriban nukta 3,600 kwa 2,400, sawa na TIFF ya karibu megabaiti 26. Picha 3,000 hufikia gigabaiti 78 bila kuhesabu migongo. Diski ya nje ya gigabaiti 500 inazimudu vizuri, flashi ndogo haiwezi. Muda nao uhesabiwe. Kutoa picha, kuifuta vumbi, kuskani pande mbili na kuirudisha mahali pake huchukua kama dakika tatu, hivyo picha 3,000 ni saa 150 za kazi. Mwenye muda mchache aanze na zilizo hatarini na zile ambazo wahusika wake wangali hai, aziache kwa sasa picha saba za tukio moja zinazofanana.

Mgongo wa picha huskaniwa kila unapokuwa na kitu: jina, tarehe, salamu, muhuri wa mpiga picha. Faili za pande mbili hubeba namba moja: MTB_A03_012_m kwa mbele na MTB_A03_012_n kwa nyuma. Nafasi kati ya herufi ziepukwe, na sifuri za mwanzo ziwepo ili kompyuta isiiweke picha ya 100 kabla ya ya 12. Jina la faili lisibebe habari ya picha. Anayeandika “Harusi ya Anna 1982” kwenye jina la faili atalazimika kulibadilisha siku itakapobainika kuwa ilikuwa 1981, na kiungo na orodha kitakatika.

Pasipo na skana, kamera au simu nzuri inaweza kutumika. Picha hulazwa mezani karibu na dirisha siku ya mawingu, siku ambazo Matamba inazo kwa wingi, simu ikiwa imefungwa juu ya kishikilio ili kioo chake kiwe sambamba na meza. Mwanga wa flashi uzimwe. Matokeo ni pungufu kuliko ya skana, lakini yanatosha kwa mzee ambaye hataki albamu yake itoke nje ya nyumba. Hilo ni ombi la haki na liheshimiwe.

Kuorodhesha kwa programu

Programu ya kuorodhesha ichaguliwe kwa swali moja: siku programu hii ikifa, maelezo yatabaki wapi? Picasa ya Google ilipendwa duniani kote, na mwaka 2016 kampuni iliacha kuiendeleza. Waliokuwa wametaja nyuso humo wengi walikuta majina yamekaa katika hifadhi ya programu badala ya ndani ya picha. Somo lake ni kwamba maelezo yaandikwe ndani ya faili yenyewe, kwa mifumo ya IPTC na XMP ambayo programu nyingi za picha huisoma.

digiKam ni chaguo zuri kwa Matamba. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na kazi zake nyingi hazihitaji intaneti ikishasakinishwa, jambo kubwa kwa mahali ambapo bando huisha na mtandao hukatika. Inapofunguliwa mara ya kwanza huuliza kama maelezo yaandikwe ndani ya faili. Jibu liwe ndiyo, na baadaye mipangilio yake ikaguliwe kuthibitisha kwamba maelezo, lebo, tarehe na majina ya nyuso vyote vinaandikwa humo. Tropy, iliyotengenezwa na Kituo cha Roy Rosenzweig cha Chuo Kikuu cha George Mason, inafaa zaidi kwa nyaraka na barua zinazoambatana na picha. ExifTool ya Phil Harvey hutumika kwa amri za kuandika, nayo inaweza kuingiza maelezo ya picha mia kwa mara moja kutoka kwenye jedwali.

Jedwali hilo, la Excel au LibreOffice, ndilo moyo wa orodha, na liwepo hata kama programu ipo. Kila picha ina mstari wake: namba, albamu ilimokutwa, mwenye albamu, maandishi ya mgongoni kama yalivyo pamoja na makosa yake ya tahajia, watu, mahali, tarehe, tukio, aliyetoa habari na siku aliyoitoa. Maandishi ya asili na maelezo mapya yasichanganywe katika safu moja. Mtu aliyeandika “Shambani kwa mjomba, 1974” alijua jambo ambalo mwenye jedwali hajui.

Majina yanataka uangalifu wa pekee huku Makete. Lebo ya “Sanga” peke yake haisaidii kitu: ni jina la ukoo lililoenea mno, na katika mikusanyiko mingi ya wilaya hii litaleta nusu ya picha. Mahenge, Mbilinyi na Chaula nayo ni ya watu wengi. Zaidi ya hayo mtu mmoja huwa na majina kadhaa katika maisha yake: la utotoni, la ubatizo, la ukoo, na kwa mwanamke lile la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, ambalo pengine ndilo pekee majirani wanalolijua. Suluhisho ni kumpa kila mtu namba, P001, P002, na ukurasa wa watu ambapo majina yake yote yameandikwa pamoja na kijiji na wazazi. Kwenye picha hutajwa namba na jina lililozoeleka. Likija jina jingine, huongezwa mahali pamoja, na picha zote zimesahihika.

Mahali pia pamebadilika majina na mipaka. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Makete ilikuwa Mkoa wa Iringa, na zama za Waingereza yote hiyo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Kitulo yenyewe ilijulikana kwenye ramani za kikoloni kama Elton Plateau, na sehemu yake ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa hiyo picha iliyoandikwa “Iringa, 1985” inaweza kuwa imepigwa umbali wa dakika chache kutoka Matamba. Jina la wakati ule liandikwe kama lilivyo, na lebo ya jina la leo iongezwe ili anayetafuta aipate picha kwa njia zote mbili.

Tarehe ndiyo sehemu inayodanganya zaidi. Skana huandika ndani ya faili siku ya kuskani, na programu huipanga harusi ya mwaka 1969 pamoja na picha za wiki hii mpaka mtu aisahihishe. Tarehe za rangi ya chungwa zinazoonekana pembeni mwa picha za miaka ya 1990 zisiaminiwe haraka, maana kamera nyingi hazikuwa zimewekwa saa. Tarehe isiyojulikana vizuri huandikwa kwa alama za ISO 8601-2 ya mwaka 2019: 1974~ kwa “karibu na 1974”, na 197X kwa “miaka ya sabini”. Programu ikilazimisha tarehe kamili, iwekwe Januari mosi ya mwaka unaokadiriwa, na neno “kadirio” liandikwe kwenye maelezo.

Makadirio hayo yana dalili zake. Picha ya Rais ikining'inia ukutani, darasani au ofisini, hufunga miaka vizuri: Nyerere hadi Novemba 1985, Mwinyi hadi 1995, Mkapa hadi 2005, Kikwete hadi 2015, Magufuli hadi Machi 2021, kisha Samia. Ofisi nyingine zilichelewa kubadilisha, kwa hiyo dalili hiyo inaonyesha mwaka wa mapema zaidi kuliko inavyothibitisha wa mwisho. Bendera ya TANU inaelekeza kabla ya tarehe 5 Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Paa la nyasi lililogeuka bati, mti wa uani uliokua, mtoto aliyebebwa mgongoni ambaye mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana: hivi mara nyingi huwa sahihi kuliko tarehe iliyoandikwa kwa wino.

Kukaa na wazee

Picha za vikundi, kama vile za kipaimara, kwaya, mahafali na mikutano ya kijiji, ndizo zinazobeba watu wengi na zinazosahaulika mapema. Chukua picha ya kipaimara yenye vijana thelathini katika safu tatu. Nakala yake huchapwa ukubwa wa A4, na juu ya nakala hiyo kila kichwa hupewa namba, kuanzia safu ya mbele, kushoto kwenda kulia kwa jicho la mtazamaji. Mzee hupewa karatasi aishike, kwa kuwa wengi huona vizuri zaidi mkononi kuliko kwenye kompyuta, na mazungumzo hurekodiwa kwa simu baada ya kuomba ruhusa. Aachwe aseme kwa Kiwanji au Kikinga kama ndiyo lugha anayokumbukia. Majina ya utani, vitongoji na undugu hutoka kwa wepesi huko kuliko kwa Kiswahili. Asiharakishwe kumaliza namba zote. Akisimama kwenye uso mmoja na kusimulia jinsi kijana yule alivyokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mbali na asirudi, simulizi hiyo ni ya thamani kuliko namba kumi zinazofuata.

Wazee wawili wakitofautiana, majibu yote mawili huandikwa na majina ya waliosema. Kuchagua mshindi si kazi ya mwenye jedwali.

digiKam hutambua nyuso na kupendekeza majina, kazi inayofanyika ndani ya kompyuta yenyewe. Msaada huo ni wa kweli pale mtu mmoja anapojirudia katika picha mia. Lakini mapendekezo yake yasikubaliwe kwa mkupuo. Utafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa Desemba 2019, ulikuta kwamba programu nyingi za kutambua nyuso hukosea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, zikiwachukulia watu wawili kuwa mmoja. Ndugu wa tumbo moja, na baba na mwanawe katika umri uleule, huchanganywa kwa urahisi. Pendekezo la programu huwa swali la kumpelekea mzee.

Baadhi ya picha huorodheshwa lakini hazisambazwi: za misiba zinazoonyesha marehemu, za wagonjwa, za ugomvi wa ndoa uliokwisha. Lebo “ndani tu” inatosha kuzitenga. Taasisi kama shule na kanisa zikumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa picha za watu wanaotambulika, na kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha. Muhuri wa studio mgongoni unapaswa kusomwa kabla picha haijachapishwa kwenye kalenda au kitabu cha jubilei.

Nakala

Mkusanyiko uwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya kijiji. Kwa familia ya Matamba hilo ni jambo jepesi: diski moja hubaki nyumbani, nyingine hukaa kwa ndugu Makambako au Mbeya, na JPEG huwekwa kwenye mtandao. JPEG 3,000 za megabaiti tatu ni gigabaiti tisa, zinazoingia ndani ya gigabaiti 15 za bure za Google. Nafasi hiyo hugawanywa na barua pepe, na tangu Juni mosi 2021 picha zote zinazopandishwa huhesabiwa humo, kwa hiyo hifadhi ya mtandao iwe nakala ya tatu, isiwe ya pekee. Flashi zinazozunguka steshenari hubeba virusi na hupotea. Zitumike kubebea tu.

WhatsApp huhitaji tahadhari yake. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na maelezo yaliyoandikwa ndani yake huondolewa, yaani majina yote yaliyokusanywa kwa wazee hubaki njiani. Ikitumwa kama hati, faili hufika ilivyo. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp linafaa sana kuuliza “huyu ni nani?”, na majibu yake yahamishiwe kwenye jedwali siku hiyohiyo.

Mara moja kwa mwaka diski zote mbili huunganishwa na kompyuta, faili chache kutoka kila albamu hufunguliwa, na idadi ya faili hulinganishwa na idadi ya mistari ya jedwali. Diski yenye umri wa miaka mitano au zaidi hunakiliwa kwenye mpya hata kama bado inafanya kazi. Jedwali huchapwa kwenye karatasi pia, na nakala hiyo hukaa ndani ya boksi moja na picha za asili, ambazo haziteketezwi wala hazigawanywi baada ya kuskaniwa.